Jinsi fotoni moja inavyobeba biti mbili

FOTONI, yaani chembe ya mwanga, ikitiwa habari katika mwelekeo wa mtetemo wake, kwa kawaida hufikisha biti moja tu: sifuri au moja. Mnamo 1992, wanafizikia Charles Bennett na Stephen Wiesner walionyesha kwamba fotoni hiyo yaweza kufikisha biti mbili, mradi pacha wake awe ametangulia kufika kwa mpokeaji.

Pacha hao hupatikana kwa kupitisha mwale wa leza katika fuwele maalumu, ambamo baadhi ya fotoni hugawanyika kuwa mbili zilizofungamana. Ukiipima moja peke yake, jibu ni la kubahatisha. Majibu ya zote mbili yakilinganishwa, huwiana.

Mtumaji hubaki na moja. Ujumbe ukiwa tayari, huchagua moja kati ya njia nne: kuiacha fotoni yake ilivyo, au kuigeuza kwa namna mojawapo ya tatu. Kisha huituma. Mpokeaji huzipima zote mbili kwa pamoja, na hapo hutambua iwapo ujumbe ni 00, 01, 10 au 11. Mdukuzi akiinasa njiani ile moja hataambulia kitu, kwani ujumbe haumo ndani yake, bali umo katika uhusiano wake na mwenzake.

Hapa ndipo wengi hupotoka, wakidai kwamba habari hupita papo hapo, kuishinda kasi ya mwanga. La hasha! Fotoni ya mtumaji inapogeuzwa, mpokeaji hawezi kugundua badiliko lolote hadi imfikie. Wala biti ya pili si ya bure: fotoni mbili zimetumika, ila moja ilisafirishwa mapema, pengine kabla ya mtumaji kujua atakachosema.

Jaribio la kwanza lilifanywa Innsbruck, Austria, mwaka wa 1996 na kundi la Anton Zeilinger, aliyetuzwa Nobel ya Fizikia pamoja na wenzake wawili mwaka wa 2022. Walitofautisha ishara tatu tu kati ya nne, kwa kuwa vioo na vigunduzi vya kawaida haviwezi kuzitenganisha zote. Kwa mbinu hiyo, kikomo ni takriban biti 1.58 kwa kila fotoni.

Paul Kwiat, aliyeshiriki jaribio hilo, alikivuka kikomo hicho mwaka wa 2008 akiwa na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walizifungamanisha fotoni kwa sifa mbili kwa wakati mmoja, wakafikia biti 1.63. Mnamo 2017, watafiti wa maabara ya Oak Ridge, pia ya Marekani, walifikisha 1.665 kupitia nyaya za faiba.