Maswali ya wanagenzi yaliyoijenga Python

Mwaka 1978, katika kasri moja la Jabłonna nchini Poland, wataalamu wachache wa kompyuta walikuwa wakibishana kuhusu sura ya lugha mpya ya programu. Lugha hiyo ilikusudiwa watu wasiosomea fani ya kompyuta, na kila aliyekuwapo, wakiwamo Lambert Meertens wa Amsterdam na Robert Dewar na Jack Schwartz kutoka Marekani, alikuwa na maoni yake kuhusu namna ya kuiandika. Waliandika programu ileile ya kupanga orodha kwa mitindo mbalimbali, wasiafikiane. Mwishowe akaitwa mke wa Dewar aamue. Alipoelezwa mtindo wa kwanza, aliuliza jambo ambalo mabingwa wale hawakuwa wamelifikiria: je, mstari huu unaoamuru kazi irudiwe unahusu mistari iliyo chini yake, au unajihusu wenyewe tu? Hapo wakang'amua kwamba swali hilo lisingezuka kama mstari ungeishia kwa nukta mbili. Kisa hiki kimesimuliwa na Guido van Rossum, mbunifu wa Python, katika maelezo yake ya historia ya lugha hiyo. Ndiyo asili ya nukta mbili ambazo hadi leo anayejifunza Python huzisahau mwishoni mwa kila mstari wa kitanzi au wa sharti.

Mwanagenzi akiuliza kwa nini nukta hizo ni lazima, aghalabu hujibiwa kwamba ndivyo lugha ilivyo, azikariri asonge mbele. Jibu hilo linamnyima haki yake. Mengi yanayoifanya Python isomeke kwa urahisi yalitokana na watu wasiojua waliouliza, na wajuao waliokubali kusikiliza. Maswali ya wanaoanza yamekuwa sehemu ya kazi ya ubunifu tangu mwanzo, na historia ya lugha hii haieleweki bila hayo.

Lugha iliyojadiliwa Jabłonna ndiyo iliyokuja kuitwa ABC. Leo Geurts na Meertens waliianza katikati ya miaka ya 1970 katika kituo cha hisabati cha Amsterdam ambacho sasa kinaitwa CWI, wakitaka kitu bora kuliko lugha ya BASIC kwa anayeanza. Van Rossum alijiunga na kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa kijana. Humo ndimo alimojifunza kanuni inayowashangaza wengi wanaotoka katika lugha nyingine: nafasi tupu mwanzoni mwa mstari si pambo, ni sehemu ya maana. Anayelalamika kwamba programu yake imekataliwa kwa ajili ya nafasi nne zilizopungua anastahili kuelezwa sababu. Katika lugha nyingi za wakati ule, mashine ilisoma mabano au maneno ya kufungua na kufunga, huku macho ya binadamu yakifuata ujongezaji wa mistari. Viwili hivyo vikitofautiana, mtu anaona jambo moja na mashine inatenda jingine, na kosa la namna hiyo humtesa hata mzoefu. Wabunifu wa ABC waliamua kwamba mtu na mashine wasome alama moja. ABC yenyewe haikuenea. Ilikuwa imejifungia mno: ilikuwa vigumu kuiongezea uwezo au kuiunganisha na programu nyingine, na mradi wake ulifungwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha.

Hapa msomaji makini atapinga. Van Rossum alipoanza kuandika Python wakati wa likizo ya Krismasi ya 1989, hakuwa na mwanafunzi yeyote akilini. Alikuwa akifanya kazi katika mradi wa Amoeba, mfumo endeshi uliotengenezwa Amsterdam, naye alihitaji lugha ya kukaa kati ya C na amri fupi za Unix. Alipoitoa kwa umma Februari 1991 kupitia mtandao wa majadiliano wa Usenet, walioichukua walikuwa watu wa fani. Yote hayo ni kweli. Lakini wataalamu hao walipewa nukta mbili, ujongezaji, orodha na kamusi za data zilizokuwa zimekwisha kupikwa katika lugha ya wanaoanza. Walikuta chombo chepesi kwa sababu wengine kabla yao walikuwa wamekitengeneza kwa ajili ya mtu asiyejua kitu. Kisha, mwaka 1999, akiwa katika taasisi ya CNRI huko Virginia, Van Rossum alirudi waziwazi kwenye shabaha ya zamani. Aliandika pendekezo la kufundisha programu kwa kila mtu, akiifananisha elimu hiyo na kusoma na kuandika, akaomba fedha kwa shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA. Fedha zilikuja pungufu na hazikudumu. Kilichobaki mikononi mwa wanafunzi ni IDLE, kihariri chepesi kinachokuja pamoja na Python.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye hesabu ya kugawanya. Kundi la Randy Pausch, kwanza katika Chuo Kikuu cha Virginia kisha Carnegie Mellon, lilitengeneza Alice, programu ya kuchezesha picha za pande tatu, na watumiaji wake walikuwa wanafunzi wasio na msingi wa sayansi. Walitumia Python. Watafiti walipowaangalia wakifanya kazi, waliona mambo mawili yakiwaangusha tena na tena. La kwanza ni kwamba 1 gawanya kwa 2 ilitoa 0, kwa kuwa namba nzima zilizaa namba nzima. La pili ni tofauti ya herufi kubwa na ndogo katika majina. Kundi la Alice liliibadilisha Python yake lenyewe ili kuondoa vikwazo vyote viwili. Van Rossum alilikubali la kwanza. Mwaka 2001 yeye na Moshe Zadka waliandika pendekezo la kurekebisha ugawanyaji. Toleo la 2.2 likaleta alama ya // kwa anayetaka namba nzima, na toleo la 3.0 la Desemba 2008 likaifanya / itoe nusu pale inapostahili kuwa nusu. Herufi kubwa na ndogo ziliachwa kama zilivyokuwa. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Anayekosea herufi kwa kawaida hupata ujumbe wa kosa papo hapo, ilhali anayepewa 0 badala ya nusu haambiwi lolote, na jibu baya linaweza kusafiri mbali ndani ya programu kabla ya kugunduliwa.

Walimu nao walisikilizwa. Toleo la 3 lilipokuwa likipangwa, kulikuwa na azma ya kuondoa kabisa amri za kumwomba mtumiaji aandike kitu, kwa hoja kwamba kazi hiyo inafanyika kwa kuagiza moduli ya mfumo. Kwa mzoefu hilo ni jambo dogo. Kwa mtoto anayeandika programu yake ya kwanza ya kuuliza jina, lilimaanisha kueleza moduli kabla ya kueleza salamu. Mwaka 2006 André Roberge aliandika pendekezo la kutetea amri rahisi, na likakubaliwa. Ndiyo sababu input ipo leo, na ndiyo sababu inarudisha maandishi daima. Ile ya zamani ilichukua alichoandika mtumiaji na kukitekeleza kana kwamba ni programu, hatari kubwa kwa yeyote aliyeitumia bila kujua. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza kwa nini hawezi kujumlisha 1 na umri aliousoma kwa input, hadi aupitishe kwanza kwenye int, anagusa uamuzi wa kumlinda yeye na wenzake.

Pingamizi kubwa zaidi linahusu gharama. Kutoka toleo la 2 kwenda la 3 kulivunja programu nyingi, na toleo la 2 halikuachwa rasmi hadi tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka kumi na moja baadaye. Je, ilikuwa halali kuwatesa wenye kazi ili wanaoanza wapate raha? Maumivu makubwa ya safari ile, hata hivyo, hayakutokana na ugawanyaji wala input. Yalitokana na kutenganisha maandishi na baiti ghafi, ili maandishi yote yawe ya Unicode, mfumo wa kuwakilisha herufi za lugha mbalimbali. Mabadiliko hayo yalimfaa mtaalamu kuliko mwanafunzi, na yanamfaa pia anayetaka kuchambua kwa kompyuta miswada ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu. Gharama ilikuwa ya kweli, ila si sahihi kuwabebesha wanagenzi mzigo wake.

Wengine husema Python ilishinda kwa sababu ya maktaba za sayansi, kuanzia Numeric ya Jim Hugunin mwaka 1995 hadi NumPy ya Travis Oliphant mwaka 2006, na kwamba mafundisho yalifuata soko. Tarehe haziwakatai. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo alikuta vitivo 27 kati ya 39 vya juu vya kompyuta nchini Marekani vikitumia Python katika kozi za kwanza, na kufikia hapo NumPy ilikuwa imekomaa. Lakini mwanafizikia au mtaalamu wa takwimu aliyeichukua Python naye alikuwa mwanagenzi wa programu. Alikuwa na swali la kisayansi na hakuwa na miaka ya kujifunza C. Urahisi uleule uliokusudiwa darasani ndio uliomwezesha kufanya kazi maabara, kwa hiyo sababu hizi mbili ni vigumu kuzitenganisha.

Kazi hiyo haijasimama. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, aliyesahau nukta mbili huambiwa kwamba nukta mbili zilitarajiwa, ilhali zamani aliambiwa tu kwamba sintaksia si halali. Lipo hata hivyo swali moja la kale lisilopata dawa. Mwanafunzi anaandika funksheni, anaipa orodha tupu kama thamani ya awali, anaiita mara mbili, na anakuta mara ya pili orodha ina vitu vya mara ya kwanza. Sababu ni kwamba thamani hiyo hutengenezwa mara moja tu, funksheni inapofafanuliwa. Ushauri wa kawaida ni kuweka None, kisha kuunda orodha mpya ndani ya funksheni. Ni ushauri sahihi, naye mwanafunzi aufuate. Lakini kosa hili lina dalili zote za ile 0 ya ugawanyaji: jibu baya linakuja kimya, na kila kizazi cha wanagenzi kinaanguka palepale. Mwaka 2021 Chris Angelico alipendekeza alama mpya ya kufanya thamani iundwe upya kila funksheni inapoitwa. Pendekezo hilo halijaingizwa katika lugha.