Wangapi Huitwa Chacha Mwita?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, majina Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke, Robi na Ghati hayakosekani palipo na Wakuria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 339,693 wilayani Tarime na 249,420 wilayani Serengeti. Je, miongoni mwa wanaume wa wilaya hizo, ni wangapi waitwao Chacha Mwita?

Tuchukue mfano. Ikiwa katika kila wanaume 100 kuna Chacha 10, na wana wa Mwita pia ni 10, kuzidisha kutatupa Chacha Mwita 1 katika kila 100. Lakini hesabu hiyo hudhani kwamba jina la mwana halihusiani na la baba. Kwa Wakuria uhusiano upo. Mara nyingi mtoto hurithi jina la babu: Chacha Mwita humzaa Mwita Chacha, naye humzaa Chacha Mwita mwingine. Hivyo majina hayo mawili hukutana mara nyingi kuliko kuzidisha kunavyoonyesha.

Kwa sababu hiyo, kitabu cha ubatizo chenye majina mawili tu hakitoshi. Cheti cha mmoja chaweza kupewa mwingine, na ndoa inapotangazwa, pingamizi laweza kumwangukia asiyehusika. Jina la ubatizo, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na ukoo, uwe wa Wairege, Wanchari au Wanyabasi, ndivyo vinavyomtambulisha mtu. Jina la babu huwaenzi waliotangulia; karani mwaminifu humtunza aliye hai kwa kumwandika kikamilifu.