Mwamko hauletwi na gari la matangazo

Katika vikao vya halmashauri zetu kuna neno moja linalofunga mjadala kabla haujaanza: mwamko. Vyoo bora ni vichache kwa kuwa wananchi hawana mwamko. Wajawazito huchelewa kuanza kliniki kwa sababu ya mwamko mdogo. Wanaume hawapimi presha wala sukari hadi waanguke, na taarifa ya robo mwaka itaeleza kwamba mwamko bado uko chini. Dawa inayopendekezwa nayo ni ileile: gari la matangazo, fulana, vipeperushi na mgeni rasmi. Mimi nafundisha historia, na nikilisikia neno hilo hujiuliza: je, mwamko huo uliwahi kuwapo? Kama uliwahi kuwapo, ulitoka wapi, na ulikwenda wapi?

Swali hili lina uzito wa pekee hapa Songea. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi; kila msimu malori ya mahindi hupanga foleni kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba takriban watoto 44 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano mkoani humu walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta takriban 36. Punguzo hilo ni la kuheshimiwa, ingawa bado zaidi ya theluthi moja ya watoto wa mkoa wenye ghala wanakua chini ya kimo chao. Sababu ni nyingi: maradhi, maji yasiyo salama, umbali wa zahanati, na mzigo wa kazi wa mama shambani. Miongoni mwazo imo pia mazoea. Kuna kaya yenye magunia ya mahindi inayomlisha mtoto uji mtupu, huku maharage, karanga na mayai yakienda sokoni. Mama wa kaya hiyo huenda ameshasikia somo la makundi ya vyakula mara nyingi. Kusikia hakukutosha.

Turudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanakijiji wa Litowa, hapa Songea, walianza kuishi na kulima pamoja. Kutokana nao kilikua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kufikia mwaka 1969 kilikuwa na vijiji takriban 17. Wengi hukikumbuka chama hicho kama chimbuko mojawapo la fikra za Ujamaa Vijijini, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967. Mimi hukirejea kwa jambo la kawaida zaidi: namna maamuzi yalivyofanywa. Kazi za siku, shule ya watoto, mashine ya kusaga nafaka, yote yalijadiliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Aliyeamka alfajiri kwenda shambani alikuwa mmoja wa waliokubaliana jana yake kwamba kazi ianze alfajiri. Hakuhitaji kuhamasishwa, kwa sababu hakuna mtu anayehitaji mgeni rasmi wa kumweleza umuhimu wa azimio lake mwenyewe.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine. Vijiji vilibaki na watu walewale na ardhi ileile. Kilichoondoka ni mamlaka ya kikao.

Miaka minne baadaye nchi nzima ilishuhudia jaribio jingine. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wengi wa leo wanalifahamu jina hilo kama msemo tu, ilhali ilikuwa mojawapo ya kampeni kubwa kabisa za afya kwa njia ya redio barani Afrika. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu takriban milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Kwa wiki 12 walisikiliza vipindi, wakasoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kujifunza kusoma, wakajadili malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu.

Siri ya kampeni ile ilikuwa katika hatua ya mwisho ya kila kipindi. Redio ilipozimwa, kikundi hakikutawanyika. Wanakikundi walijiuliza: katika haya tuliyoyasikia, lipi lipo hapa kwetu, na tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Wakaazimia kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Wiki iliyofuata kila mmoja aliketi tena mbele ya majirani waliomsikia akikubali. Tathmini zilizofuata zilikadiria kuwa vyoo vilivyochimbwa vilifikia mamia ya maelfu. Hao ndio wananchi ambao wajukuu wao tunawaandika kuwa hawana mwamko.

Mbona basi mazoea hayo hayakudumu kila mahali? Sehemu ya jibu ni muda: wiki 12 hutosha kuchimba shimo, hazitoshi kujenga desturi. Sehemu nyingine ni ya kisiasa. Novemba ya mwaka huohuo wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na operesheni za kuhamisha watu zikashika kasi. Familia iliyochimba choo kwa azimio la kikundi chake, kisha ikahamishwa mwaka uliofuata, ilikiacha choo hicho nyuma. Ilikiacha pia kikundi. Kule ilikofika haikuwakuta wale majirani waliokuwa mashahidi wa ahadi yake. Iliikuta ratiba ya ofisa. Na choo kinachochimbwa kwa ajili ya bwana afya hubomoka mara tu bwana afya anapoacha kupita.

Sisemi kwamba sheria na amri hazina kazi. Kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, kusubiri kila kaya ishawishike kungegharimu maisha ya watu. Amri huzuia hatari ya leo. Kumfanya mtu anawe mikono mwaka wa kumi, pale ambapo hakuna anayemtazama, ni kazi nyingine.

Ninayatazama ya sasa kwa jicho hilo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Ulikuwa wito mzuri, kwa kuwa presha na kisukari vimeshaingia hadi vijijini. Ila palipokuwa na kikundi cha majirani wanaokimbia pamoja na kuulizana "jana ulikuwa wapi?", mazoezi yana nafasi ya kudumu, palipokuwa na waraka pekee, yanategemea nani anakusanya mahudhurio. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais. Mkataba huo umewafanya viongozi wawajibike kwa fedha na takwimu, nami nauunga mkono. Hata hivyo umesainiwa kwenda juu: mtendaji kwa mkurugenzi, mkuu wa mkoa kwa Rais. Yule anayeamua yai liuzwe au liliwe hayumo.

Njia ya kumwingiza tunayo tayari. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo pia. Kinachokosekana ni ile hatua ya mwaka 1973: baada ya mtaalamu kumaliza kusema, akae chini, na wanakijiji waazimie jambo moja dogo watakaloulizana mkutano ujao. Liwe karanga katika uji wa mtoto, au dona badala ya sembe, au kupima presha kwa kila aliyevuka miaka 40. Liwe lao, na akina baba waulizwe kama wanavyoulizwa akina mama. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja hashindi peke yake mazoea ambayo mtaa mzima unayaendeleza.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma nina ombi moja. Safari ijayo kalamu itakapokaribia kuandika "mwamko mdogo", isimame kidogo. Badala ya maneno hayo, andikeni jibu la swali hili: katika jambo hili, wananchi waliulizwa lini, na waliamua nini?