Rangi ya kasiksi: kwa nini pombe ya nyumbani inatoka nyeusi

Siku moja tulialikwa kwenye mahari ya kijana wa jirani, kijijini kwetu Kivu. Mama yake alitengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mutungi ulipofunguliwa, mgeni mmoja kutoka mjini akauliza mbele ya watu wote: «Mama, hii pombe iko nyeusi namna gani? Ulitia nini ndani?» Mama yule akainamisha kichwa. Mzee wa upande wa bibi arusi akamgombeza mgeni, lakini haya ilikwisha kuingia. Baba wa kijana akatuma watoto wakalete kaziye mbili za bia ya chupa, kwa deni.

Tangu siku ile tunaona ni lazima kulieleza jambo hili.

Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo lililofunikwa majani, kisha zinakamuliwa kwa nyasi. Maji yake, mutobe, yanatoka meupemeupe, na mtu anafikiri pombe itabaki na rangi ile. Lakini sivyo.

Kwanza, tunatia mtama (wengine wanasema masaka) uliokaangwa na kusagwa. Moto unaigeuza nafaka kuwa ya kahawia, sawa na ganda la mkate, na rangi hiyo inaingia ndani ya pombe. Mtama mwekundu una pia rangi yake, pamoja na ule ukali unaokaza ulimi. Anayekaanga dakika chache zaidi kuliko jana atapata pombe nyeusi kuliko ya jana.

Pili, hewa. Ndizi iliyokatwa inageuka kahawia ikiachwa mezani. Maji yake vilevile.

Tatu, jicho letu linatudanganya. Pombe ikiwa bado inachemka, chachu inaelea ndani na kuifanya ionekane nyeupe. Chachu ikishuka chini, rangi ya kweli inatokea. Na tena, pombe ndani ya mutungi mrefu inaonekana nyeusi kuliko ile ile ndani ya glasi. Wanafunzi wetu walijaribu kwa chai, wakacheka: birika moja, rangi mbili!

Basi, nani alitufundisha kwamba pombe nzuri ni ya njano? Hapo ndipo historia inapoingia. Huko Ulaya pia, zamani nafaka ya bia ilikaushwa mara nyingi kwa moto wa kuni, na bia ikatoka ya kahawia, yenye harufu ya moshi. Kukausha kwa moto usio na moshi kulianza kuenea Uingereza katika karne ya 17. Mwaka 1842, mjini Pilsen, katika nchi inayoitwa leo Ucheki, Josef Groll alitengeneza bia ya njano yenye kung'aa, na bia ya namna ile ikaenea duniani. Viwanda vya bia vilianzishwa Léopoldville mwaka 1923 na Élisabethville mwaka 1925, miji tunayoiita leo Kinshasa na Lubumbashi. Bia ya njano ikaingia katika chupa, na chupa ikawa kipimo cha macho yetu.

Kwa hiyo mgeni yule alipima pombe ya mama kwa desturi ya Pilsen, bila kujua.

Hatusemi kila pombe nyeusi ni nzuri. Mtama ukiungua, pombe inakuwa chungu. Ikikaa siku nyingi, inageuka siki. Lakini hayo tunayajua kwa pua na kwa ulimi, si kwa rangi. Wamama wetu wanajua kupima hivyo. Wasichana wakiona haya ya mutungi, watauacha, na ujuzi huu utazikwa pamoja na wamama.

Siku nyingine tukialikwa kwenye mahari, tuonje kwanza, ndipo tuseme.