O80, O82 na Elfu Ishirini

Tembea Naivasha Road kutoka Kawangware hadi Riruta Satellite uhesabu zahanati. Utachoka. Moja iko juu ya duka la dawa, nyingine imebanana na kinyozi. Daktari tunamjua. Ambaye hatumzungumzii ni yule karani wa bili, anayegeuza ugonjwa wako kuwa msimbo, na msimbo kuwa pesa. Na hii kazi ni ya kale kuliko bima yoyote tunayokatwa.

Twende London, karne ya 17. Wanawake wazee walitumwa manyumbani kukagua maiti na kuripoti kilichoua, halafu hesabu ikachapishwa kila wiki. Mwaka wa 1662 mfanyabiashara mmoja, John Graunt, alizichambua orodha hizo akaona waliouawa na kaswende ni wachache ajabu. Maelezo yake: wazee hao walipewa pombe na hongo kidogo, na kaswende ikaandikwa kifua kikuu. Yaani hata kabla misimbo haijabuniwa, kulikuwa na watu wa kununua jina la ugonjwa.

Mwaka wa 1893, kule Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ambayo nchi nyingi zilikuja kuitumia. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliichukua mwaka wa 1948 na kuongeza magonjwa ya walio hai. Orodha hiyo ndiyo ICD. Katika toleo lake la 10, mafua ni J00, nimonia ni J18. Kujifungua kwa kawaida ni O80, kwa upasuaji ni O82.

Kwetu, NHIF ilianza 1966, na kwa miaka mingi ililipa hospitali kulingana na siku ulizolala. Mwenye kutaka kudanganya alihitaji tu kuongeza siku. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake, na wenye mshahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75. Sasa angalia bei: kujifungua kwa kawaida, shilingi 10,000. Kwa upasuaji, 30,000. Tofauti ya tarakimu moja kwenye msimbo, elfu ishirini kwenye akaunti.

Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha makumi ya hospitali. Madai yalikuwa mengi: wagonjwa hewa, waliotibiwa wakaenda nyumbani kuandikwa kwamba walilazwa, waliojifungua kawaida kuandikiwa upasuaji.

Ni rahisi kusema, wacha wale, ni pesa za serikali. Kwanza, ni zako. Pili, faili haisahau. Mama aliyeandikiwa O82 ya uongo akirudi na mimba ya pili, daktari mwingine atasoma kwamba tumbo la uzazi lina kovu, na huenda akampeleka kisu bila sababu. Na zahanati ndogo ya mtaani isiyoiba chochote, karani wake akikosea herufi moja, dai linarudishwa na mshahara wa nesi unangoja.

Kwa hivyo kabla ya kuweka kidole au sahihi, muulize karani: umeandika nini hapo? Swali halina kiburi. Yule mfu wa London hakuwa na nafasi ya kuliuliza. Wewe unayo.