Wanawake wa Madina na neno lao katika ndoa

Mughith alikuwa akimfuata Barira katika njia za Madina huku analia, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Barira hakurudi nyuma. Alikuwa mjakazi aliyeandikiana na mabwana zake ajikomboe kwa wakia 9 za fedha, wakia moja kila mwaka, mpaka Bibi Aisha alipomnunua na kumwacha huru. Uhuru huo ulimpa hiari ya kubaki na mumewe, ambaye bado alikuwa mtumwa, au kuachana naye. Akachagua kuachana.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alimhurumia Mughith. Alimwambia ami yake Abbas kwamba ni ajabu jinsi huyu anavyopenda na yule anavyochukia, kisha akaenda kumwombea kwa Barira. Barira akataka kujua kwanza: ni amri? Akajibiwa kuwa ni maombi tu. Basi akasema hana haja na Mughith, na shauri likaishia hapo. Kisa hiki kilisimuliwa na Ibn Abbas na kimo katika mkusanyiko wa Bukhari. Mjakazi wa jana alikataa ombi la mkuu wa mji mzima, naye akaachiwa uamuzi wake.

Uzito wa jambo hilo unaonekana mtu akitazama hali ya Arabuni ya kabla yake. Mara nyingi mahari yaliingia mkononi mwa walii, na mjane aliweza kurithiwa na jamaa za marehemu pamoja na mali. Surat An-Nisaa ilikuja kuyakata yote mawili: aya ya 4 iliamuru mahari apewe mke mwenyewe, na ya 19 ikaharamisha kurithi wanawake kwa nguvu.

Wanawake hawakukawia kuzitumia haki zao. Khansa bint Khidam, aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume, na ndoa ikavunjwa. Mke wa Thabit bin Qays alieleza kwamba hana la kumlaumu mumewe katika dini wala tabia, ila kuishi naye hawezi. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha shamba alilopewa mahari. Akakubali, na Thabit akaamriwa amwache. Hapo ndipo mafakihi walipojenga hukumu za khului, ambazo Waislamu wa Mombasa na Unguja wanazifuata mpaka leo mbele ya kadhi.

Mahari yenyewe hayakuwa ya kuwatisha vijana. Bibi Aisha alieleza kwamba wake wa Mtume walipewa wakia 12 na nusu, yaani dirhamu 500. Masikini mmoja aliambiwa atafute japo pete ya chuma. Hakuipata, akaozwa kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi.

Sayyidna Ali naye, alipomwoa Bibi Fatima baada ya vita vya Badr, mwaka 2 Hijria (624), alitoa deraa yake ya vita. Nyumba yao ilikuwa na mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, kiriba cha maji na jiwe la kusagia. Jiwe hilo lilimchubua mikono Bibi Fatima, hata akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta. Usiku baba akaja, akaketi baina yao, akawafundisha kitu alichosema ni bora kuliko mtumishi: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 kabla ya kulala. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake mpaka wakati wa sala ufike.

Wako wanaoitaja Madina kila wanapotaka kumnyamazisha mke, nao hawamtaji Barira wala Khansa. Hiyo ni historia iliyokatwa nusu, na waumini hawastahili kusomeshwa hivyo. Ninyi akina baba na mawalii mnaojiandaa kuoza, mwulizeni binti kabla mahari hayajatajwa, na akisema hapana, msimwite shehe.