Nukta za kwenye Yaliyomo zimetoka wapi?

Hapa chuoni ni msimu wa ripoti za utafiti, na usiku hosteli nzima unasikia watu wanagonga kitufe cha nukta kama wanatwanga mahindi. Wanatengeneza Yaliyomo! Ukiongeza aya moja sura ya pili, namba zinahama, nukta zinavurugika, unaanza upya. Nikaona nifuatilie historia yake.

Orodha yenyewe ni ya zamani sana. Mwaka 77 hivi, Pliny Mzee wa Roma alimtolea Titus kazi yake Naturalis Historia. Ina vitabu 37, na kitabu cha kwanza karibu chote ni yaliyomo, ili mtu mwenye shughuli nyingi aende moja kwa moja kwenye anachotaka. Namba za kurasa hakuna, maana enzi hizo walisoma magombo. Namba za kuchapwa tunaziona mwaka 1470 kule Cologne, kwa mchapaji Arnold Therhoernen.

Sasa shida ikawa hii: kichwa kiko kushoto, namba iko kulia, jicho linapotea katikati. Wachapaji wakajaza pengo kwa vipande vya risasi vyenye nukta. Waingereza walizipa jina la viongozi, kwa sababu zinaliongoza jicho.

Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichoshwa na sura mbaya ya kurasa za kitabu chake, akaanza kutunga programu ya TeX. Humo nukta hazihesabiwi. Unaiambia programu ijaze nafasi, yenyewe inarudia nukta mpaka ukingoni, na nukta za mstari wa juu zinakaa sawasawa na za chini. LaTeX ya Leslie Lamport ikaongeza utamu: mara ya kwanza inaandika vichwa na kurasa kwenye faili la pembeni, mara ya pili inalisoma na kupanga Yaliyomo. Ndiyo maana inaendeshwa zaidi ya mara moja.

Wa Word nanyi msijali. Vichwa vipeni mtindo wa kichwa, ingizeni Yaliyomo, kisha sasisheni kabla ya kuchapa.

Jamani, msimamizi akifungua ukurasa wa 34 akakuta siyo, anaanza kutilia shaka hata takwimu zako. Kazi ya mwaka mzima isichafuliwe na nukta.

Haya, ripoti njema!